Gari la Mvuke la Kujitengenezea: Mwongozo Kamili wa Kuliunda, Kuliendesha na Kulitunza

Mtu akishikwa na hamu ya kuunda gari la mvuke, kitu cha kwanza anachotafuta ni injini. Si ajabu. Injini ya mvuke inavutia, viungo vyake viko nje, fimbo zinakwenda na kurudi mbele ya macho yako. Lakini muulize mwenye gari la aina hii anayelitembeza barabarani, atakuambia injini ndiyo isiyomsumbua. Kinachomshughulisha tangu kuwasha hadi kuzima ni maji: yamebaki kiasi gani ndani ya boila, yanaingia kwa njia gani, ni safi kiasi gani, na yatamwishia wapi. Kwa hiyo tutaanza na maji. Injini itapata zamu yake.

Shida hii ina umri sawa na gari lenyewe. Gari ambalo Nicolas-Joseph Cugnot alilijaribu Ufaransa mwaka 1769 lilikuwa likiishiwa mvuke kila baada ya muda mfupi, likasimama hadi maji yachemke upya. Karne moja na ushei baadaye, ndugu wawili wa Stanley kule Marekani waliunda magari ya mvuke yenye kasi kubwa. Mwaka 1906 gari lao la mashindano, Fred Marriott akiwa kwenye usukani, lilipita kilometa 200 kwa saa. Hata hivyo magari yao ya kawaida, kabla hayajafungwa kondensa (kifaa cha kuupoza mvuke uliotumika uwe maji tena) mwaka 1915, yalitoa mvuke wote hewani na yakahitaji kujazwa maji mara kwa mara njiani. Gari utakalounda nyumbani litakuwa la namna hiyo, kwa sababu kondensa ya kutosha ni kubwa, nzito, na huleta mafuta ya silinda ndani ya boila.

Kwanza kabisa, sheria

Kabla ya kununua hata kipande kimoja cha chuma, ulizia sehemu mbili. Ya kwanza ni mamlaka ya usajili wa magari: je, gari lililoundwa na mtu binafsi linasajiliwaje, na linatakiwa liwe na taa, breki na vioo vya namna gani? Ya pili ni wakaguzi wa vyombo vya presha. Boila hutazamwa kwa sheria tofauti na za magari, na katika nchi nyingi lazima ikaguliwe na mtu mwenye kibali kabla ya kutumika, kisha irudiwe kila baada ya muda uliopangwa. Mtafute mkaguzi huyo mapema na umwoneshe michoro. Akikwambia badilisha kitu kwenye karatasi, utafuta na kuchora upya. Akikwambia ubadilishe boila iliyokwisha kuchomelewa, umepoteza boila. Muulize na wa bima pia, maana wengine hawagusi chombo kisicho na cheti.

Piga hesabu ya mvuke

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho: gari jepesi la viti viwili, uzito wake pamoja na watu, mafuta na maji ukiwa kilo 600, mwendo wa kawaida kilometa 25 kwa saa. Kwenye barabara tambarare ya lami gari hili linahitaji chini ya kilowati 2 kutoka kwenye injini. Kwa ajili ya vilima, weka akiba: injini ya kilowati 4.

Injini ndogo isiyo na kondensa hula takriban kilo 20 za mvuke kwa kila kilowati kwa saa. Kwa hiyo ukienda polepole kwenye tambarare utatumia lita 40 za maji kwa saa, yaani lita 1.6 kwa kilometa, na ukikaza kwenye kilima utatumia lita 80 kwa saa. Tanki la lita 100 litakupeleka kilometa 60 kwenye karatasi. Wewe panga kusimama baada ya kilometa 40. Vilima, upepo wa mbele na mvuke unaotoka kwenye vali ya usalama hukata sehemu ya hesabu yoyote nzuri.

Upande wa moto, kuchemsha lita 40 kwa saa kwa mafuta ya taa kutakula lita 4 hadi 5 za mafuta katika saa hiyo. Ni mengi ukilinganisha na gari la petroli la uzito huo, na hakuna ujanja wa nyumbani unaofuta tofauti hiyo. Faida yako ni kwamba unaweza kuchoma mafuta ya taa, gesi, kuni au makaa. Kwa gari la kwanza napendekeza mafuta ya taa au gesi kwa sababu moja tu: moto wake unazimika papo hapo ukifunga koki. Moto wa kuni au makaa ukishawaka, unaendelea hata pale unapotaka uzimike.

Boila

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kuna njia mbili kuu. Moja ni boila ya mirija ya moto iliyosimama: pipa la chuma lenye mirija mingi inayopitisha moto katikati ya maji, kama walivyofanya Stanley. Ya pili ni boila ya mrija mmoja mrefu uliokunjwa, maji yakiingia upande huu na mvuke ukitokea upande ule, kama kwenye magari ya Abner Doble ya miaka ya 1920. Ya mrija mmoja hubeba maji kidogo sana, hivyo ikipasuka haina nguvu nyingi ya kuachia, na hupata mvuke haraka. Ila moto na maji lazima vilingane kila sekunde. Maji yakipungua kidogo mvuke unakuwa mkali kupita kiasi, yakizidi kidogo maji yanaingia kwenye silinda. Bila mitambo ya kujiongoza, dereva hapumui. Boila ya mirija ya moto ina akiba ya maji na ya joto, kwa hiyo inamvumilia dereva mgeni anapopanda kilima. Kwa gari la kwanza mimi naichagua hiyo, kwa masharti nitakayoyataja.

Kwa mfano wetu, presha ya baa 10 inatosha, ambayo geji ya paundi itaisoma karibu 145. Eneo la kupokea moto liwe mita 3 za mraba: mirija 64 ya milimita 25 yenye urefu wa sentimita 60 inakupa hapo, na inaenea ndani ya pipa la kipenyo cha milimita 400. Pipa hilo litabeba takriban lita 40 za maji wakati wa kazi.

Mkazo ndani ya ukuta, yaani nguvu inayovuta kila milimita ya mraba ya chuma, hupatikana hivi: zidisha presha kwa kipenyo, kisha gawanya kwa unene mara mbili. Baa 10 ni nyutoni 1 kwa milimita ya mraba. Kwa bamba la milimita 6, mkazo ni 1 × 400 ÷ 12, yaani nyutoni 33 kwa milimita ya mraba, ilhali chuma cha boila hukatika baada ya kupita 400. Nafasi hiyo kubwa ina kazi: inafidia udhaifu wa maungio, kutu ya miaka, na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya mabomba. Na kanuni hii ni ya ukuta wa mviringo tu. Mabamba bapa ya juu na chini, ambamo mirija imekazwa, yana hesabu nyingine. Mwachie mhandisi.

Kwa nini ninakazia hivi? Maji yaliyo chini ya presha ya baa 10 yana joto la nyuzi 184. Ukuta ukipasuka, presha inaanguka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke palepale. Kwa lita 40 ni karibu kilo 6 za mvuke, zinazotaka kujaza karibu mita 10 za ujazo mara moja, nawe umekaa hatua moja kutoka hapo. Kwa hiyo boila ichomelewe na fundi mwenye cheti cha vyombo vya presha, kwa bamba lenye karatasi zake za kiwandani. Usitumie mtungi wa gesi wala tanki la kompresa, hata likionekana imara namna gani, kwa kuwa halikutengenezwa likae juu ya moto. Bomba la mabati halifai. Shaba nyeupe ya kawaida haifai mahali penye maji ya moto ya muda wote, kwani zinki yake huliwa ikabaki shaba yenye vitundu. Na usiunge chochote kwa risasi ya fundi redio: aina yake ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183, yaani pale pale boila yako inapofanyia kazi.

Vifaa ambavyo boila haiwashwi bila kuwa navyo

Vali za usalama ziwe mbili. Ya kwanza ifunguke kwenye presha ya kazi, ya pili juu yake kidogo, na kila moja peke yake iweze kutoa mvuke wote ambao moto unaweza kuzalisha ukiwa umefunga mvuke wa kwenda kwenye injini. Zikishapimwa zifungwe lakiri. Vali inayovuja hurekebishwa kiti chake. Kuikaza springi ili inyamaze ni kuiondoa.

Kioo cha maji, yaani mrija wa kioo unaoonesha kimo cha maji ndani ya boila, kiwe na koki tatu, ya mvuke, ya maji na ya kumwagia, na kiwe na ngao ya kioo kigumu mbele yake. Kikae mahali ambapo dereva anakiona bila kugeuza shingo. Kwenye bamba lililo juu ya moto, weka plagi ya kuyeyuka yenye kiini cha madini ya bati, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232: maji yakishuka hadi kuiacha wazi, inayeyuka na kumwaga mvuke juu ya moto.

Njia za kuingiza maji ziwe mbili zisizotegemeana. Pampu inayoendeshwa na injini ndiyo ya kila siku, lakini haifanyi kazi gari likiwa limesimama. Ongeza pampu ya mkono yenye nguvu ya kushinda presha kamili, au injekta, kifaa kinachotumia mvuke wenyewe kusukuma maji. Kila njia iwe na vali yake ya kuzuia maji yasirudi, halafu kati ya vali hiyo na boila kuwe na koki ya kufunga, ili uweze kusafisha vali boila ikiwa na presha.

Funika boila kwa sufi ya kioo na bati jembamba. Ukikuta vifuniko au gasketi za zamani kwenye mitambo ya chakavu, chukulia kuwa zina asbesto na usizikwangue.

Injini, chasisi na breki

Injini iwe na silinda mbili zinazosukumwa pande zote mbili za pistoni, krenki zake zikiachana kwa nyuzi 90. Mpangilio huo huondoka wenyewe popote ulipoishia, na hapo huhitaji klachi wala giaboksi. Kwa kilowati 4 kwenye mizunguko 400 kwa dakika, silinda za kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 100 zinatosha. Cheni au gia ya mizunguko miwili kwa mmoja, na gurudumu la sentimita 65, zitakupa zile kilometa 25 kwa saa. Chagua mtambo wa vali wenye wenzo unaoweza kurudisha gari nyuma na pia kufupisha muda wa mvuke kuingia kwenye silinda. Utauhitaji sana barabarani.

Chasisi na usukani chukua kutoka gari dogo lililokaguliwa. Breki ziwe za haidroliki kwenye magurudumu yote, na breki ya mkono iwe ya waya, ijitegemee. Kugeuza wenzo wa injini nyuma hupunguza mwendo kweli, ila usiihesabu kuwa breki. Tanki la maji likae chini, katikati ya ekseli mbili, kwa sababu uzito wake unabadilika kilo 100 kati ya kujaa na kuisha.

Jaribio la maji baridi

Boila mpya hupimwa kwa maji baridi kabla ya moto wowote. Ijaze hadi hewa yote itoke, ziba vali za usalama kwa plagi, kisha panda taratibu kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu au mara mbili ya presha ya kazi, kadiri mkaguzi atakavyotaka. Ikae nusu saa. Geji isishuke, na pasiwe na jasho kwenye ungio lolote. Ni maji yanayotumika kwa sababu hayabinyiki: kitu kikiachia, presha inakufa kwa matone machache. Kamwe usipime kwa hewa ya kompresa.

Kuwasha

Jipe saa nzima kabla ya safari ya kwanza. Ukizoea itapungua.

1. Tazama kioo cha maji, kisha hakikisha hakidanganyi. Boila ikiwa baridi, fungua koki ya kumwagia uone maji yakitoka na kurudi.
2. Jaza maji hadi robo tatu ya kioo. Jaza tanki la maji na la mafuta, na jaza kilainishi cha silinda.
3. Vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, wenzo wa mwelekeo uwe katikati, mvuke ufungwe, koki za kumwagia maji ya silinda ziwe wazi.
4. Washa moto mdogo. Boila baridi ikipewa moto mkali, mirija inatanuka kabla ya ukuta, na maungio yake huanza kuvuja. Dakika 30 hadi 45 ni mwendo mzuri.
5. Geji ikifika baa 3 hivi, puliza kioo. Fungua koki ya kumwagia. Funga ya maji: mvuke mtupu utoke kwa nguvu. Ifungue, kisha funga ya mvuke: maji yatoke kwa nguvu. Fungua zote mbili na ufunge ya kumwagia. Maji yapande mara moja, yachezecheze, yatulie. Yakipanda kwa uvivu, kuna njia imeziba, na hiyo si siku ya kuondoka.
6. Jaribu njia zote mbili za maji. Ya injini utaijaribu gari likianza kusogea.
7. Acha presha ipande hadi vali ya usalama ya kwanza ifunguke yenyewe. Soma geji inafunguka wapi na inafunga wapi.

Sasa pasha injini. Toa vigingi, fungua mvuke kidogo sana, sogeza gari mbele na nyuma mara kadhaa huku koki za silinda zikiwa wazi. Mwanzoni zitatema maji kwa mishindo, baadaye mvuke wenye ukungu, mwisho mvuke mkavu usioonekana pale kwenye mdomo wa koki. Hapo ndipo uzifunge. Maji hayabinyiki, na pistoni ikiyakuta yamefungiwa ndani, kitakachovunjika ni kifuniko cha silinda au fimbo.

Barabarani

Macho yazunguke sehemu tatu: barabara, kioo cha maji, geji. Kwa mpangilio huo.

Ondoka na wenzo ukiwa umesukumwa hadi mwisho, na mvuke kidogo. Gari likishachanganya, vuta wenzo kuelekea katikati ili mvuke uingie kwa sehemu fupi tu ya mwendo wa pistoni na kujitanua wenyewe kwa sehemu iliyobaki. Ukifanya hivyo vizuri mlio unapungua makali, mwendo haupungui, na matumizi ya maji yanashuka wazi. Nadhani huu ndio ustadi mtamu kuliko wote katika gari la mvuke.

Kilima kikionekana mbele, ingiza maji sasa, ukiwa bado kwenye tambarare. Maji mapya ni ya baridi na yanashusha presha, na hutaki hilo litokee katikati ya mwinuko. Kumbuka pia kwamba kwenye mteremko kioo kinasoma kulingana na mahali kilipofungwa: gari likiinama, maji yanaweza kuonekana mengi huku upande wa pili wa boila umebaki mtupu. Subiri tambarare ndipo uamini.

Injini ikianza kugonga na bomba la moshi kutema maji, boila inarusha maji pamoja na mvuke. Punguza mvuke, fungua koki za silinda, acha kuingiza maji. Chanzo huwa ni kujaza kupita kiasi au maji machafu yenye povu.

Maji yakipotea kwenye kioo, fanya haya bila kujadiliana na nafsi yako: funga mafuta, simama, shukeni wote na kaeni mbali. Usiingize maji baridi kwenye boila iliyokauka juu ya moto. Iache ipoe yenyewe, kisha ikaguliwe kabla ya kuwashwa tena.

Ukisimama hata kwa dakika chache, wenzo katikati, koki za silinda wazi, breki ya mkono, kigingi. Vali ya mvuke inayovuja kidogo inatosha kuliondoa gari peke yake. Na usiliache likiwa na moto. Mwaka 1801 gari la Richard Trevithick liliharibika njiani huko Cornwall, Uingereza. Wenyewe wakaliegesha na kwenda kula, moto ukiwa bado unawaka. Maji yakakauka, gari likateketea.

Maji safi, mafuta sahihi

Maji magumu huacha ukoko mweupe kwenye mirija, kama ule wa ndani ya birika, na ukoko huo unazuia joto lisifike kwenye maji hadi chuma chenyewe kinaungua. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko mengi ya bomba, lakini yana oksijeni inayoleta vishimo vya kutu, kwa hiyo yanahitaji dawa ya boila. Lengo ni maji yenye pH ya kati ya 10.5 na 11. Vipande vya kupimia ni rahisi, vitumie kila safari. Mwisho wa siku, moto ukiwa umezimwa na presha imeshuka, fungua koki ya chini ya boila kwa sekunde chache itoe tope. Elekeza bomba lake ardhini, mbali na watu.

Silinda zinahitaji oili ya silinda ya mvuke. Oili ya injini ya petroli huoshwa na mvuke wenye unyevu na kuiacha pistoni kavu, ila oili ya mvuke imechanganywa na mafuta ya wanyama au ya mimea ili ing'ang'anie chuma. Oili inatumika na kutoka, kwa hiyo jaza kilainishi kila unapojaza maji.

Gari likikaa muda mrefu

Kwa wiki chache, jaza boila yote kwa maji yenye dawa, usiache nafasi ya hewa. Kwa miezi, ifunue mifuniko ingali vuguvugu baada ya kumwaga maji, ikauke kabisa, kisha weka vifuko vya kunyonya unyevu na uifunge. Mahali penye baridi ya kugandisha, mwaga pia pampu, kioo, injekta na mabomba yote, maana barafu hupasua hata koki nene. Andika kwenye daftari tarehe, kipimo cha pH na chochote ulichokiona, mkaguzi ataliomba. Kisha funga kibao kwenye koki ya mafuta, kiseme kwa herufi kubwa kwamba boila haina maji.